Kufunga mchana, kufakamia usiku: maswali yenu kuhusu kula na unene

Barua za toleo hili zimetoka Tanga mjini na pembezoni mwake. Nyingi zinauliza jambo lile lile kwa sauti tofauti: mwanamke anajua anachokula ni kingi, hataki kukila, na bado anakila. Tumechagua chache, tumezifupisha na kuficha majina. Wanaojibu ni mtaalamu wa lishe na muuguzi wa afya ya akili kwa pamoja.

SWALI
Asalaam alaykum. Nina miaka 34, nauza maandazi, vitumbua na bajia Ngamiani. Mchana sili, nakunywa chai tu, maana nataka kupungua: nina kilo 82 na urefu wa sentimita 158. Jioni narudi na mabaki. Watoto wakishalala nakaa jikoni, nafakamia maandazi kumi, kumi na mbili, na wali uliobaki juu yake, hata ladha sisikii. Nikimaliza najichukia. Asubuhi naapa sirudii, usiku narudia, mara nne au tano kwa wiki, mwezi wa saba huu. Mume wangu ananiita mroho, jirani anasema nimetupiwa kitu. Nifanyeje?
Muuza maandazi, Ngamiani

JIBU
Wa alaykum salaam, dada. Tuyaondoe hayo mawili kwanza. Hujatupiwa kitu, na uroho hauko hivi. Mroho hufurahia anachokula. Wewe unakula mbio, peke yako, kwa kujificha, hata njaa ikishakwisha, mpaka tumbo linauma, kisha unajichukia. Hayo ndiyo daktari huyauliza, pamoja na mengine: je, kiasi ni kikubwa kuliko ambacho watu wengi wangekula kwa muda huo, tuseme ndani ya saa mbili? Je, unahisi huwezi kusimama ukishaanza? Je, hutokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu? Je, baadaye hujitapishi wala hunywi dawa ya kukufanya uharishe? Ukijibu ndiyo kwa yote, huo ni ugonjwa wa kula kupindukia, na mara nne hadi saba kwa wiki huhesabiwa kiwango cha kati. Daktari Mmarekani Albert Stunkard aliueleza tangu 1959, ingawa ulisubiri hadi 2013 kuandikwa kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani umo kwenye toleo lililoanza kutumika 2022. Kwa hiyo ukimkuta mhudumu wa afya ambaye hajausikia, usishangae na usikate tamaa.

Sasa tuutazame mchana wako, kwa sababu usiku unaanzia huko.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 waliokuwa wazima wa mwili na akili. Kwa wiki 24 walipewa kama nusu ya walichozoea, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana hao hawakuwa na tabia ya kufakamia. Njaa ilipowakolea walianza kuwaza chakula kutwa kucha, kusoma vitabu vya mapishi kana kwamba ni riwaya, kulamba sahani. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula bila kiasi kwa wiki kadhaa, wengine miezi, tumbo limejaa na bado wanataka. Hakuna aliyewaroga. Mwili ulionyimwa hudai, na hudai vya mafuta na sukari kwanza.

Lakini njaa haielezi yote, kwani hapo hapo sokoni wapo wanaoshinda na chai na hawafakamii usiku. Kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni sheria ulizojiwekea: "nisiguse andazi", "nisile baada ya Magharibi". Sheria kali huvunjika kwa kitu kidogo, na ikishavunjika akili inasema, "Basi nimeshaharibu, nimalize yote, kesho naanza upya." Andazi la kwanza halina madhara makubwa, yenye madhara ni hiyo sentensi. La pili ni saa yenyewe. Watoto wamelala, kelele zimekwisha, ndipo hesabu ya mtaji inakuja, mchango wa kikoba wa kesho, maneno ya mume, uchovu wa mtu aliyeamka saa 10 alfajiri kukanda unga. Kufakamia hunyamazisha yote hayo kwa muda. Ndiyo maana husikii ladha: hukukaa pale kwa ajili ya ladha. Wanawake wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), wasiwasi wa muda mrefu, au walioumizwa utotoni kwa vipigo au kuingiliwa wako katika hatari zaidi, na kwao hakuna orodha ya vyakula itakayofika lilipo tatizo.

Tiba huanzia mahali ambapo pengine hutapapenda: kifungua kinywa. Kula mara tano kwa saa zinazojulikana, na pasipite zaidi ya saa nne kati ya mlo na mlo. Kwa ratiba yako tungepanga hivi. Saa 12 na nusu asubuhi, ukishaepua ya kwanza, kaa chini ule maandazi mawili na bakuli dogo la mbaazi za nazi. Ndiyo, maandazi, tena uyale mchana kweupe, ili yaache kuwa kitu cha kuibiwa usiku. Saa 4, chungwa na ukufi mmoja wa karanga. Saa 7 na nusu, ugali au wali kiasi cha ngumi zako mbili, kipande cha samaki, na matembele au mchicha wa kutosha. Saa 11 jioni, glasi ya maziwa mgando au kipande cha muhogo wa kuchemsha. Saa 2 usiku, chakula cha nyumbani pamoja na watoto, kilichopakuliwa kwenye sahani. Usile kwenye sufuria.

Chai iendelee, ila ihesabu. Vikombe vitano vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni vijiko 15, karibu gramu 60. Huo mfungo wako wa mchana, dada, una sukari kuliko chupa moja ya soda.

Mambo huharibika wapi? Karibu kila mara ni asubuhi inayofuata usiku mbaya. Umefakamia saa 4 usiku, unaamka tumbo zito, unasema leo sili mpaka jioni. Hapo umeshaupanga usiku wa leo. Kula saa 12 na nusu vile vile, hata kama ni kidogo, hata kama hutaki. Kosa la pili ni kuogopa kunenepa wiki ya kwanza na kupunguza milo iwe miwili. Kwa kawaida mpango huu hauongezi uzito, kwa sababu maandazi kumi ya usiku yanapungua.

Mabaki ni suala la biashara, na lina dawa ya biashara. Hesabu unachokaanga kwa wiki nzima, uone kinachobaki kila siku, kisha punguza unga kwa kiasi hicho. Kinachobaki ikifika saa 11 jioni, uza kwa bei ya kutupa au wape watoto wa madrasa. Ndoo irudi nyumbani tupu. Atakayekwambia "jizuie tu" hajawahi kulala chumba kimoja na ndoo ya maandazi.

Nunua daftari dogo. Andika saa, ulichokula, ulikuwa wapi, njaa ilikuwa ngapi kati ya 0 na 10, na nini kilikuwa moyoni kabla. Kipindi cha kufakamia kiwekee nyota. Andika pale pale, usisubiri kulala, maana usiku kumbukumbu hujitetea. Ukiogopa daftari kusomwa, tumia alama zako au simu. Wengi huandika siku nzuri na kuruka mbaya, na siku mbaya ndizo zenye kazi. Baada ya wiki mbili utaona mtindo: pengine nyota zote ziko siku za kikoba, au siku ulizoruka mlo wa saa 7.

Hamu ikija saa 4 usiku, ijue tabia yake: hupanda, hufika kilele, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata usipokula. Panga mapema utakalofanya kwa nusu saa hiyo, liwe la mikono na nje ya jikoni: kuoga, kusuka ukili, kudarizi, kumpigia dada yako. Kuperuzi simu hakusaidii sana, mkono mmoja unabaki huru.

Kuhusu uzito tuseme kweli hata kama haipendezi. Kilo 82 gawanya kwa 1.58 mara 1.58 unapata karibu 33, na kuanzia 30 huitwa unene uliokithiri. Tiba ya mazungumzo hupunguza sana vipindi vya kufakamia, lakini uzito hushuka kidogo tu. Tunashauri hata hivyo ianze yenyewe, kwa sababu anayejinyima huku bado anafakamia huzidisha kufakamia. Miezi mitatu bila nyota, ndipo upange kupunguza asilimia 5 hadi 10, kwako kilo 4 hadi 8, na hizo zinatosha kuonekana kwenye presha na sukari ya damu. Kwa sasa jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, mzani ule ule. Mizani za wale vijana wa stendi hazifanani, na kilo moja au mbili za kupanda na kushuka ni maji na chakula kilichomo tumboni.

Ukienda kituo cha afya usiseme "nataka kupungua", utapewa karatasi ya vyakula vya kuacha na utarudi ulikotoka. Sema: "Nina vipindi vya kula chakula kingi nikishindwa kujizuia, mara nne au tano kwa wiki, kwa miezi saba. Sijitapishi. Naomba rufaa ya afya ya akili." Mwongozo wa Uingereza wa 2017 unaanza na mgonjwa kujisaidia kwa kitabu akisimamiwa, vikao 4 hadi 9 vya dakika 20, na isiposaidia, kikundi cha vikao 16 vya saa moja na nusu. Hapa kwetu huenda usipate mpangilio huo, lakini milo, daftari na mtu wa kukusikiliza kila wiki ndio uti wa mgongo wake, na muuguzi yeyote mwenye mafunzo ya afya ya akili anaweza kukusimamia.

SWALI
Ndugu wahariri, binti yangu aliachwa mwaka jana, karudi nyumbani na watoto wawili. Usiku anaamka anakula, asubuhi hataki hata chai. Amenenepa sana. Shangazi zake wanamwita tembo mbele za watu, eti kumtia uchungu apungue. Nami nachanganyikiwa: zamani mwanamke akijaa tulisema kanawiri, leo ni ugonjwa. Nimwambie nini?
Bibi wa Pongwe

JIBU
Shikamoo, Bibi. Hao mashangazi wanazidisha ugonjwa. Anayedhihakiwa kwa ajili ya mwili wake hula zaidi akiwa peke yake, hukwepa kutoka, hukwepa hata hospitali kwa kuogopa mizani, na uzito huongezeka. Uchungu waliotaka kumtia anao tayari, tangu siku ya talaka. Wewe ndiye mwenye nyumba, basi wakataze, tena mbele yake, asikie kuwa umekataza.

Kuamka usiku na kula tungependa lichunguzwe peke yake. Kuna tatizo jingine, ambalo Stunkard huyo huyo alilieleza 1955: mtu hana hamu asubuhi, robo au zaidi ya chakula chake cha siku anakila baada ya chakula cha usiku, au anaamka akiwa na akili zake timamu na hawezi kurudi kulala bila kula. Huenda pamoja na kukosa usingizi na huzuni inayozidi jioni. Kiasi anachokula si lazima kiwe kikubwa kila anapoamka, na hapo ndipo linapotofautiana na la yule dada wa Ngamiani. Kinachosaidia ni kuirudisha asubuhi polepole, hata uji nusu kikombe ndani ya saa moja ya kuamka, chakula kamili mchana, na kulala saa ile ile. Daktari anaweza kuongeza dawa za sonona.

Wewe usimpakulie sahani yake tofauti na ya wengine. Usiseme lolote akiwa anakula, zuri wala baya. Hata "leo umekula vizuri" linamwambia unahesabu. Tafuta wakati mwingine, mnachambua mchele au mnafua, umuulize, "Usiku kunakuwaje, mwanangu?" halafu unyamaze. Akijibu kuhusu mumewe badala ya chakula, msikilize hilo hilo. Na wachukue wajukuu asubuhi mbili kwa wiki alale, kwa kuwa usingizi mfupi huongeza homoni ya njaa na kupunguza ya shibe.

Ama kunawiri, Bibi, chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, apumue nje, usikaze. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari ya kisukari na moyo inaanza kupanda, kuanzia 88 imepanda sana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, hivyo hayuko peke yake. Mwili uliojaa na mwenye nao akiwa mzima, mwacheni. Tunaona wasichana wa pwani wamebanwa pande mbili: kwenye ngoma wanasifiwa nyonga, kwenye simu wanaonyeshwa viuno vya nyigu, na hakuna upande utakaoridhika.

Kama huzuni imezidi wiki mbili karibu kila siku, amekata tamaa, hajali tena watoto, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Akitamka kwamba afadhali afe, mpeleke siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, na ondoa dawa ya panya na ya wadudu ndani ya nyumba. Tunajua mtu wa Tanga akisikia "akili" anawaza Lutindi kule Korogwe. Kliniki ya wagonjwa wa nje ni kukaa kwenye kiti, kuulizwa, kujibu, na kurudi nyumbani.

SWALI
Nina mtoto wa miezi mitano. Nilichomwa sindano ya uzazi wa mpango akiwa na wiki sita, nikiwa na kilo 64, leo nina 71. Mume akienda kazini nakula mkate mzima na soda mbili, nalia bila sababu, nahisi sifai kuwa mama. Je, ni sindano?
Mama Mchanga, Sahare

JIBU
Huenda sindano ina sehemu yake, dada, lakini kilio hicho kisisubiri hesabu za kilo.

Sindano ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Anayeongezeka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita ya kwanza ndiye anayeelekea kuendelea kuongezeka. Asilimia 5 yako ni kilo 3.2, wewe umeshapita mara mbili. Nenda kliniki mjadili njia nyingine. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Usiache tu bila kuweka nyingine, utapata mimba mtoto hajatembea, na hapo mzigo utakuwa mkubwa zaidi.

Kulia, kujiona hufai na kula peke yako katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua vinatuelekeza kwenye sonona ya uzazi. Watu hudhani mwenye sonona lazima akose hamu ya kula. Wapo wanaokula zaidi na kulala zaidi, hasa vyakula vitamu, na hao huambiwa "mbona unanawiri" huku wanazama. Ukimpeleka mtoto kliniki, mwambie muuguzi unahitaji kupimwa sonona: kuna dodoso la maswali kumi, dakika tano zinatosha. Likitokea wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri siku ya kliniki, nenda leo. Omba pia kipimo cha damu cha tezi ya shingo, kwani tezi ikivurugika baada ya uzazi huleta uchovu, huzuni na mabadiliko ya uzito. Na kama unatumia dawa nyingine, zitaje zote. Amitriptilini, olanzapini, valproeti na prednisoloni ni miongoni mwa zinazoongeza uzito, ingawa hakuna hata moja ya kuacha ghafla bila daktari.

Nyumbani, kumbuka anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Wengi waliojifungua huanza kujinyima ili tumbo lirudi, mkate mzima mume akishaondoka ukawa ndio jibu la mwili. Kunywa uji wenye karanga asubuhi, na muda huo mume akishaondoka usiwe peke yako: mwite mdogo wako, au toka na mtoto ukaone watu. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Isiwe mwiko, ila nunua moja unapoitaka, usiweke kreti ndani.

SWALI
Je, Ramadhani na sunna za Jumatatu na Alhamisi zinaweza kunisaidia kupunguza mwili? Nikifunga nahisi nimejitawala, lakini futari hunishinda.
Msomaji wa Makorora

JIBU
Umejijibu katika sentensi ya pili. Kutwa bila chakula na kisha meza yenye tambi, muhogo wa nazi, kaimati na sambusa, kwa mtu mwenye kufakamia, ni kuuleta usiku wa yule dada wa Ngamiani nyumbani kwako. Sunna ya kufunga ukiigeuza kuwa njia ya kupungua, moyo wako unajua, na mwili wako unajua zaidi.

Kama vipindi vinatokea kila wiki, au unajitapisha, muone daktari mwezi mmoja kabla ya Ramadhani. Suratul Baqara aya ya 184 na 185 zimemtaja mgonjwa. Kama hali yako inaingia humo, hilo ni la sheikh wako baada ya kusikia kauli ya daktari. Ukifunga, fungua kwa tende tatu, maji na kikombe cha uji, sali Magharibi, kisha urudi upakue sahani moja ukiwa umekaa na wenzio. Vya kukaanga viwe vya aina moja kwa siku. Kula tena baada ya Tarawehe, na daku usiiruke hata kama usingizi ni mtamu, maana aliyekosa daku ndiye anayefika futari akiwa ameshindwa tayari.

SWALI
Nikishakula sana nakunywa chai ya kupunguza tumbo niliyouziwa mtandaoni, naharisha, asubuhi nimepungua kilo moja na nusu. Kuna ubaya?
M., Chumbageni

JIBU
Upo. Chakula hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, dawa ya kuharisha hufanya kazi kubwa kwenye utumbo mpana, huko mbele. Kilo hiyo na nusu ni maji na chumvi, inarudi ukinywa. Kinachoondoka nayo ni potasiamu, na ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Misuli ikikukakamaa, ukizimia au moyo ukipiga ovyo, nenda dharura. Baadhi ya chai na vidonge vya kupunguza mwili vya mtandaoni vimekutwa vina sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Acha leo. Huenda ukavimba miguu na kufunga choo kwa siku kadhaa, hiyo ni kawaida na hupita. Maji na matunda yatasaidia. Na kwa kuwa unajisafisha baada ya kula, tatizo lako kitabibu huenda ni bulimia, na lina tiba yake, hivyo mweleze daktari kuhusu hiyo chai bila kuficha. Kama unajitapisha pia, sukutua kwa maji, usipige mswaki hapo hapo, asidi imeshalainisha meno.

SWALI
Nimefunga kabati la chakula kwa kufuli, ufunguo ninao mimi. Mke wangu sasa ananunua dukani kwa siri. Niongeze nini?
Mume, Mabawa

JIBU
Ndugu yetu, usiongeze, punguza. Kufuli limeongeza mambo mawili yanayolisha ugonjwa huu, kunyimwa na kujificha, na sasa limegharimu na fedha. Mrudishie ufunguo bila hotuba. Usimuulize kala nini. Kama kuna vitu vinavyomsumbua, muulize yeye ni vitu gani anataka visiwemo ndani, na ukubali visiwemo hata kwa ajili yako. Kwa wengi saa ngumu ni usiku, watoto wakishalala. Kama huwa uko barazani na wenzio wakati huo, rudi saa 2 usiku mle pamoja.